Hedhi imekoma nina miaka 38 na naishi na MS: je, homoni zitauamsha ugonjwa?

Swali: Shikamoo daktari. Nina umri wa miaka 38 na nimeishi na maltipo sklerosisi, yaani MS, ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia neva, kwa miaka 11. Mwanzoni nilitundikiwa dripu ya dawa ya rangi ya buluu kila baada ya miezi mitatu, kwa karibu miaka miwili, kisha nikahamishiwa sindano ninazotumia hadi leo. Mwaka jana hedhi ilianza kuruka, na sasa ni mwezi wa saba sijaiona. Usiku napandwa na joto hadi shuka zinalowa, na joto likija miguu inalegea, jicho la kushoto linaona ukungu. Nimeshatundikiwa steroidi mara mbili kwa kudhaniwa ni shambulio jipya. Daktari wa mishipa ya fahamu anasema ni MS. Daktari wa magonjwa ya wanawake anasema mimi bado mdogo, ni mawazo tu. Je, MS ndiyo iliyomaliza mayai yangu? Na nikipewa homoni, ugonjwa hautaamka? Nina mtoto mmoja, na bado natamani wa pili.

Jibu: Marahaba, dada. Nianze na hiyo dripu ya buluu. Umeitaja kwa kuipitia tu, lakini mimi naona ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya jibu.

Dawa ya MS yenye rangi ya buluu iliyokolea, inayotundikwa kila baada ya miezi mitatu, ni mitoksantroni. Huenda unakumbuka mkojo ulivyokuwa ukitoka na rangi ya buluu-kijani kwa siku nzima baada ya dripu. Hata weupe wa macho huweza kuingia ubuluu kidogo. Ni dawa iliyohamia kwetu kutoka tiba ya saratani. Marekani iliiruhusu kwa MS mwaka 2000, wakati ambao mgonjwa mwenye MS kali hakuwa na mengi ya kuchagua. Inafanya kazi kwa kuharibu vinasaba ndani ya chembe za kinga, na haichagui chembe za kinga peke yake. Mwanamke huzaliwa na akiba yake yote ya mayai na hatengenezi mengine, kwa hiyo kila kinachouawa na dawa kimeondoka moja kwa moja.

Hatari inategemea mambo mawili: umri wako wakati wa kutundikiwa, na jumla ya dozi uliyopata maishani. Dozi ya kawaida ilikuwa miligramu 12 kwa kila mita ya mraba ya mwili. Miaka miwili ni dripu nane hivi, kwa hiyo jumla yako inaweza kuwa inakaribia 100, wakati kikomo cha maisha ni 140. Aliyeipata akiwa na miaka 40 alikuwa na hatari kubwa zaidi ya hedhi kukoma palepale. Wewe ulikuwa chini ya 30. Ovari za umri huo huwa na akiba ya kutosha kuendelea kufanya kazi, hedhi inarudi, na kila mtu anadhani mambo yamepita. Kumbe akiba imepungua, na inaisha kabla ya wakati wake. Hadithi yako inafanana sana na hiyo.

Kwa hiyo swali lako la kwanza nalijibu hivi: sidhani ni MS iliyomaliza mayai yako. Wanawake wengi wenye MS hukoma hedhi kwenye umri uleule wa wenzao, karibu miaka 51 kwa wastani. Zinazoharibu ovari ni baadhi ya tiba: mitoksantroni, saiklofosfamidi, na dawa kali zinazotangulia upandikizaji wa seli shina. Dawa nyingine za MS kama interferoni, glatirameri, natalizumabu na okrelizumabu hazijulikani kuua mayai. Dripu ya steroidi inaweza kuvuruga mzunguko kwa mwezi mmoja au miwili, basi, haiwezi kuusimamisha kwa miezi saba.

Lakini kufanana si kuthibitisha, na hapa ndipo sikubaliani na wote wawili waliokuona. Mmoja amekutazama kwa jicho la MS, mwingine kwa jicho la umri, na katika maelezo yako sioni hata mmoja aliyekutoa damu. Mwongozo wa kimataifa uko wazi: mwanamke wa chini ya miaka 40 ambaye hedhi imekoma au imevurugika kwa miezi minne au zaidi apimwe. Ile miezi 12 ya kusubiri bila hedhi ni ya wanawake waliofika umri wa kukoma. Wewe haikuhusu.

Kipimo cha kwanza ni cha mimba, usishangae. Kisha damu ya homoni ya FSH, estradioli (aina kuu ya estrojeni, homoni ya ovari), prolaktini (homoni ya maziwa), na homoni za tezi ya thairoidi. FSH ni amri ambayo ubongo hutuma kwa ovari, na ovari zisipoitikia, ubongo huiongeza. Ikivuka uniti 25 kwa lita katika umri wako, pamoja na hedhi iliyopotea, hiyo inaitwa upungufu wa ovari kabla ya wakati. Neno hilo tunalitumia kwa walio chini ya miaka 40. Kati ya 40 na 45 tunasema tu kukoma hedhi mapema. Kama jibu ni la kati na kati, kipimo hurudiwa baada ya wiki nne au zaidi.

Na yale mawazo? Ni kweli, msongo mkubwa, kupungua uzito au mazoezi ya kupita kiasi huweza kuzima hedhi. Ila katika hali hiyo ubongo ndio unaoacha kutuma amri, hivyo FSH huwa ya chini au ya kawaida, na joto la usiku linalolowesha shuka si dalili yake ya kawaida. Kipimo kimoja cha damu kinatenganisha mambo hayo mawili. Ndiyo maana nakereka kidogo mgonjwa anapoambiwa ni mawazo kabla ya sindano kuguswa.

Kuna jambo dogo linaloharibu vipimo hivi kuliko watu wanavyojua, nalo ni bayotini. Ni vitamini inayouzwa kwa ajili ya nywele na kucha, na kwa miaka kadhaa dozi kubwa sana za bayotini zilijaribiwa kwa wagonjwa wa MS, kwa hiyo wengi wenu mnazo kabatini. Bayotini huingilia mashine za maabara: FSH inaweza kusomeka ndogo kuliko ilivyo, na homoni za thairoidi zikasomeka kana kwamba tezi imechachamaa. Kama unaimeza, mwambie daktari kabla ya kutolewa damu, na uliza uiache kwa siku ngapi. Vilevile vidonge vya kuzuia mimba huishusha FSH, hivyo majibu yanayotolewa ukiwa juu yake hayana maana kubwa.

Thairoidi nimeitaja makusudi. Kinga ya mwili iliyokosea njia kwenye neva huweza kukosea pia kwenye tezi, na tezi iliyovurugika inavuruga hedhi na joto la mwili. Aliyewahi kutumia alemtuzumabu, dawa nyingine ya MS inayoweza kuichokoza tezi hiyo, ndiye hasa asiyepaswa kuliacha hili. Na FSH ikithibitika kuwa juu, usikubali tuhuma za mitoksantroni zizime uchunguzi mwingine. Kwa umri wako huongezwa kipimo cha kromosomu, cha jini la FMR1 (likiwa na kasoro huweza kumaliza mayai mapema), na cha kingamwili dhidi ya tezi za juu ya figo. Hicho cha mwisho kina uzito kwako, kwa sababu tezi hizo zikishindwa dalili ni uchovu, kizunguzungu na udhaifu, na mgonjwa wa MS akisema amechoka ni nani atakayemshangaa?

Sasa joto. Mwaka 1890 daktari wa macho wa Kijerumani, Wilhelm Uhthoff, aliandika kuhusu wagonjwa wake ambao kuona kulififia wanapojishughulisha hadi mwili ukapata joto, kisha kukarudi. Hadi leo hali hiyo inaitwa kwa jina lake. Neva iliyowahi kushambuliwa ni kama waya uliochubuka ganda: katika hali ya kawaida inapitisha ujumbe kwa shida, na joto la mwili likipanda hata nusu nyuzi inashindwa. Hakuna jeraha jipya. Fukuto la kukoma hedhi linaanza kifuani, linapanda shingoni na usoni, linadumu dakika chache, linaishia na jasho na pengine baridi. Kwa mwanamke mwingine ni adha. Kwako, katika dakika zilezile, mguu uliowahi kudhoofika unalegea na jicho lililowahi kuvimba neva linafifia. Niko tayari kukisia kwamba jicho lako la kushoto liliwahi kushambuliwa miaka ya nyuma.

Shambulio la kweli halifanyi hivyo. Linajengeka kwa saa au siku, linadumu zaidi ya saa 24 bila homa wala maambukizi, na halitoki pale unapojimwagia maji ya baridi. Kwa hiyo kabla ya dripu nyingine ya steroidi, andika kwa siku kadhaa: joto limeanza saa ngapi, mguu umelegea saa ngapi, umerudi saa ngapi. Ukimwekea daktari wako mezani karatasi inayoonyesha udhaifu wa dakika kumi unaofuata fukuto kila mara, hatakuwa na hamu ya kukutundikia. Pia apime mkojo, kwa sababu UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, inafanya mchezo huohuo, na estrojeni ikipungua UTI huongezeka. Steroidi zenyewe zinaleta uso kuwaka, jasho na kukosa usingizi, yaani dalili uliyokuja nayo.

Tuje kwenye homoni, na hapa nitasema bila kuzungukazunguka. Ikithibitika kwamba ovari zako zimeshindwa, unapaswa kupewa homoni, isipokuwa kuwe na sababu mahususi ya kukunyima. MS si mojawapo ya sababu hizo. Mwanamke wa miaka 38 hapewi ziada. Anarudishiwa estrojeni ambayo mwili wake ulikuwa uwe nayo kwa miaka mingine 13 hivi. Kwa hiyo dozi huwa kubwa kidogo kuliko anayopewa mwanamke wa miaka 55, na huendelezwa angalau hadi umri wa kawaida wa kukoma hedhi.

Sababu si fukuto pekee. Estrojeni inalinda mifupa, na mifupa yako ina maadui watatu tayari: steroidi, kutembea kidogo, na kuanguka. Kuikosa estrojeni tangu miaka 38 ni adui wa nne. Omba kipimo cha DEXA, yaani picha ya kupima uimara wa mifupa, sasa ili kuwe na namba ya kuanzia, na vitamini D ipimwe. Mishipa ya moyo nayo inaumia mwanamke akikoma hedhi mapema bila kurudishiwa homoni. Na kwako moyo una habari ya ziada, kwa sababu mitoksantroni inaweza kuudhoofisha msuli wa moyo hata miaka mingi baada ya dripu ya mwisho. Aliyewahi kuipata anapaswa kufanyiwa ultrasaundi ya moyo kila mwaka, pamoja na hesabu ya chembe za damu kwa sababu ya hatari ndogo ya saratani ya damu. Kama hakuna aliyekuambia hivyo tangu ulipobadilishiwa dawa, panga hilo mwezi huu. Nenda pia hospitali ulikotundikiwa uombe muhtasari wa faili lako: jina la dawa, tarehe, na jumla ya dozi. Bila namba hiyo daktari wa moyo na wa wanawake wote wanakisia.

Je, zitauamsha ugonjwa? Ushahidi tulionao hauelekei huko. Utafiti maarufu wa Ulaya uliotoka mwaka 1998 uliwafuatilia wajawazito 254 wenye MS. Mashambulizi yalishuka kutoka wastani wa 0.7 kwa mwaka kabla ya mimba hadi 0.2 katika miezi mitatu ya mwisho, yaani wakati ambao estrojeni iko juu kabisa. Yakapanda baada ya kujifungua, homoni zilipoporomoka. Mwaka 2016 yalitoka matokeo ya jaribio la Marekani la wanawake 164, ambapo estrioli, estrojeni ya ujauzito, iliongezwa juu ya glatirameri, na mashambulizi yakapungua. Hilo halitoshi kuifanya estrojeni kuwa tiba ya MS, na yeyote anayekuuzia kwa jina hilo mpite. Lakini linatosha kukuondolea hofu kwamba kibandiko cha homoni kitaleta shambulio.

Kuhusu kama kukoma hedhi kunauharakisha ulemavu wa MS, tafiti zimepingana. Tatizo ni kwamba karibu na miaka 50 MS hubadilika tabia hata kwa wanaume: mashambulizi hupungua na udhoofu wa polepole huchukua nafasi. Ni vigumu kuitenga ovari na umri hapo.

Hofu nyingine utakayokutana nayo ni ya saratani ya matiti. Chimbuko lake kubwa ni utafiti wa Marekani uliotangazwa mwaka 2002, ambao washiriki wake walikuwa na wastani wa miaka 63. Wewe huna uhusiano na kundi hilo. Mwanamke wa umri wako anayerudishiwa homoni zilizopungua analinganishwa na mwenzake wa miaka 38 ambaye ovari zake zinafanya kazi, na hatari yake haionekani kuwa zaidi ya huyo. Ukiwa umewahi kuugua saratani ya matiti, una damu inayotoka ukeni bila maelezo, au ini limeharibika sana, hapo mazungumzo ni mengine.

Kwa anayeishi na MS mimi napendelea kibandiko cha ngozi au jeli kuliko kidonge. Kidonge cha estrojeni kinapita ini kwanza na kuongeza hatari ya damu kuganda, na mtu anayetembea kidogo tayari ana hatari hiyo. Kibandiko kinaikwepa njia hiyo. Kwa kuwa una mfuko wa uzazi, lazima uongezewe projesteroni au dawa ya jamii yake, la sivyo ukuta wa ndani wa mfuko unanenepa na baadaye unaweza kugeuka saratani. Mweleze daktari dawa zako zote za dalili. Karbamazepini ya maumivu ya uso na modafinili ya uchovu huharakisha kuvunjwa kwa homoni, na unaweza kushangaa kwa nini fukuto haliishi wakati dozi inatosha kwenye karatasi.

Wasioweza kutumia homoni wana njia nyingine za kupunguza fukuto, ingawa hakuna hata moja inayolinda mfupa. Gabapentini inafaa kwa aliye pia na maumivu ya neva. Venlafaksini ni nyingine. Oksibutinini inapunguza fukuto na kibofu chenye haraka kwa pamoja, jambo linalovutia, ila inazidisha usahaulifu, na mwenye MS hana kumbukumbu ya kuchezea. Fezolinetanti ni mpya, iliruhusiwa Marekani mwaka 2023, na imebeba onyo kali kuhusu ini. Sindano zako zikiwa za interferoni, ambayo nayo hugusa ini, vipimo vya ini havikwepeki. Dawa za mitishamba za fukuto nazo ziwekwe kwenye mizani hiyohiyo.

Ukavu wa uke na UTI za kujirudia zinatibika kwa estrojeni ndogo ya kuweka ukeni. Inayoingia kwenye damu ni kidogo mno. Anayetumia mpira wa kukojolea mwenyewe ndiye atakayeona tofauti haraka. Na kama unavuta sigara, hiyo inaleta ukomo wa hedhi mapema na inaharakisha MS. Sina la kuongeza.

Nimebakiza mtoto. Upungufu wa ovari si ugumba kamili. Ovari hizi huamka mara mojamoja bila taarifa, na kati ya wanawake 100 wenye hali hii, 5 hadi 10 hushika mimba wenyewe. Homoni za kurudishia hazizuii mimba. Kwa anayetamani mtoto hiyo ni habari njema, lakini ina upande wa pili: mimba inaweza kuingia wakati uko kwenye dawa ya MS isiyofaa kwa mtoto, kwa mfano teriflunomaidi, fingolimodi au kladribini. Umesema unatumia sindano. Kama ni interferoni au glatirameri, huna haja ya kuiacha kwanza ndipo ujaribu. Kama ni nyingine, muulize daktari wa mishipa ya fahamu kabla ya mwezi kupita. Dawa za kuchochea ovari mara nyingi hazizai matunda pale akiba ilipokwisha, na sitakushauri utumie fedha nyingi huko kabla ya FSH na AMH (kipimo cha damu cha akiba ya mayai) kusema neno. Njia inayofanikiwa zaidi ni yai la mwanamke mwingine, lililorutubishwa na mbegu za mwenzi wako na kubebwa na wewe. Mfuko wako wa uzazi haukuharibiwa na mitoksantroni. Ni moyo ndio unaotakiwa kupimwa kwanza, kwa sababu ujauzito unaongeza damu ambayo moyo unapaswa kuisukuma, na mpimaji wa ultrasaundi ajue ndilo swali unalomletea.